Kuchimba Dawa Njia ya Kilwa

Basi la Lindi likishavuka Daraja la Mkapa na kuuacha mto Rufiji nyuma, hazipiti saa nyingi kabla konda hajasimama mlangoni na kutangaza: "Haya, kuchimba dawa!" Gari linaegeshwa kando ya lami. Wanaume wanaelekea upande mmoja, kina mama na watoto upande mwingine, kila mtu na kichaka chake. Baada ya dakika kumi honi inalia, abiria wanarudi wakijikung'uta mbigili kwenye nguo, safari inaendelea.

Nimeshuka kuchimba dawa katika njia hiyo mara nyingi, na sikuwahi kuyafikiria maneno hayo hadi siku moja, kati ya Somanga na Nangurukuru, nilipojikuta nimesimama mbele ya mjafari.

Mjafari hauchanganyiki na mti mwingine. Shina lake lina vinundu vigumu, vinene chini na vilivyochongoka juu, na kila kinundu kinaishia kwenye mwiba. Huu wa siku ile ulikuwa umebanduliwa gome kwa panga, mzunguko mzima, kutoka usawa wa goti hadi usawa wa kifua. Pale gome lilipotoka, mti ulikuwa mweupe kama mfupa, na huko juu majani yalikuwa yameanza kukauka. Niliokota kipande cha gome kilichodondoka, kidogo kama ukucha, nikakitafuna. Kwanza ulikuja uchungu, kisha ulimi ukaanza kucheza kama umeguswa na betri ya redio, kisha ganzi. Ganzi ile ile ya utotoni, bibi aliponitwangia gome la mjafari na kulibana kwenye jino lililokuwa likinitoa machozi.

Bibi hakuwa mganga wa kupigiwa ngoma. Alikuwa mkunga, na kama wakunga wengi wa pwani ya kusini alijua dawa ya tumbo la mtoto, dawa ya homa na dawa ya kuongeza maziwa. Akienda kuchimba alikwenda asubuhi, kabla jua halijawa kali. Gome alilibandua upande wa mashariki peke yake, kipande cha upana wa vidole vinne, akapaka tope kwenye kidonda cha mti. Akirudi msimu mwingine alichukua upande wa magharibi, ikiwa ule wa kwanza umeshaziba. Mzizi mkuu hakuugusa. Alifukua upande mmoja, akakata vijizizi vya unene wa kidole, akarudisha udongo na kuukanyaga kwa mguu. Mimi mtoto niliyaona hayo kama masharti ya dawa, kwamba ukiyavunja haifanyi kazi. Leo naelewa kwamba yalikuwa masharti ya mti. Bibi alijua kuwa mwakani kutakuwa na jino jingine linalouma katika kijiji kile kile, na mjafari ni ule ule.

Aliyeubandua mjafari wa njia ya Nangurukuru hakuwa na haja ya kuurudia. Hapa ndipo mambo yalipobadilika, na nadhani hatujayatazama vya kutosha. Zamani aliyechimba dawa ndiye aliyetibu, na aliyetibiwa alikuwa jirani yake. Sasa mchimbaji ni kijana anayelipwa kwa gunia, gunia linapandishwa lori, lori linashusha Dar es Salaam, na mgonjwa wa Mbagala ananunua unga katika kichupa bila kuuona hata kwa mbali mti ulikotoka. Kila mmoja katika mnyororo huo anatafuta riziki yake kwa halali. Lakini hakuna hata mmoja kati yao anayepoteza kitu mti ukifa. Mwaka 2020, corona ilipotufunika na nchi nzima ikajifukiza nyungu, tuliona wenyewe jinsi majani na magome yanavyoweza kwisha mtaani ndani ya wiki moja. Mwarobaini uliotoka Bara Hindi umepandwa kila uani, kwa hiyo ulistahimili. Mti wa porini hauna uani wake.

Na pori la Kilwa na Lindi si pori la kawaida. Ukilitazama kutoka dirishani mwa basi utaona vichaka vya kijivu na mibuyu, ukafikiri ni nchi kavu isiyo na kitu. Wataalamu wa mimea wanaitaja Lindi miongoni mwa sehemu za Afrika zenye mimea mingi isiyoota kwingine kokote duniani. Mimea hiyo haiko katika msitu mmoja mkubwa wenye geti na walinzi. Imetawanyika katika vipande: uwanda wa Rondo, Litipo kando ya Ziwa Lutamba, Noto, Ngarama, Mitundumbea. Kipande kingine unaweza kukizunguka kwa miguu kwa siku moja, na ndani yake ukapita chini ya mti ambao hauko Kenya, hauko Msumbiji, hauko hata Mtwara.

Chukua mti mmoja ambao wataalamu wanauita Karomia gigas. Ni mti mrefu, shina limenyooka, matawi yako juu sana hata ukisimama chini yake huoni ua. Mwaka 1977 ulikutwa mmoja huko Kilifi, Kenya, na baadaye ukakatwa. Mwaka 1993 ukaonekana Mitundumbea, wilayani Kilwa. Halafu kimya, hata watu wakaanza kuamini kwamba umetoweka. Ulikuwepo na mwingine, aina ya mti wa maua mekundu na shina lenye miiba, Erythrina schliebenii, uliotangazwa mwaka 1998 kuwa umetoweka duniani. Mwaka 2001 ukapatikana tena Kilwa. Miaka michache baadaye msitu ulikopatikana ukafyekwa kwa ajili ya mashamba ya mafuta ya mimea, na watu wakauhesabu umepotea kwa mara ya pili.

Mmea uliokuja kupandwa badala ya misitu ya Kilwa wakati ule ulikuwa mbono kaburi. Msomaji wa pwani anaujua. Ndio tunaouotesha kwenye makaburi na kuzungushia boma, na utomvu wake tunaupaka kwenye vidonda. Kampuni ya Uholanzi ilipewa makumi ya maelfu ya hekta za ardhi ya vijiji ili kutoa mafuta ya mitambo kutokana na mbono. Mradi ukafa ndani ya miaka michache. Mbono kaburi ni dawa yetu, nimeupakwa mwenyewe, lakini unaota popote unapouchomeka. Kuufyekea msitu wenye miti isiyoota popote pengine lilikuwa kosa ambalo mkunga yeyote wa Kilwa angelikataa, kama angeulizwa.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Frank Mbago na Cosmas Mligo wakiwa miongoni mwao, waliingia tena katika misitu ya Kilwa na kuikuta miti yote miwili ikiwa hai. Ilikuwa michache sana, lakini hai. Wengi hatukusikia. Mwaka huo macho ya nchi yote yalikuwa Loliondo, ambako maelfu kwa maelfu ya watu walipanga foleni kijijini Samunge kwa Babu Ambilikile Mwasapile, kila mmoja na shilingi 500 mkononi, wakisubiri kikombe cha maji ya mizizi ya mugariga. Siwalaumu waliokwenda. Mtu mwenye mgonjwa huenda anakoelekezwa. Ila najiuliza ni wangapi kati yetu waliouliza mizizi ile inachimbwa wapi, na kama shimo lilifukiwa.

Karomia gigas haujawahi kuwa dawa maarufu, na nautaja kwa sababu nyingine. Ukoo wake wa mimea ndio ukoo wa kirumbasha na mnanaa, ndio ukoo wa rehani tunayoiweka mlangoni. Ni ukoo uliotupa nusu ya harufu tunazoziita dawa. Kuna mtoto wa ukoo huo Kilwa ambaye hata ua lake sayansi ilikuwa haijaliona. Mwaka 2018 Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania ulishirikiana na bustani ya mimea ya Missouri, iliyoko St. Louis, Marekani. Maelfu ya matunda yakafungwa na kusafirishwa. Mengi yalikuwa matupu au yameshaingiwa na ukungu, na mbegu iliyo hai ilitafutwa kwa subira, tunda baada ya tunda, kama mtu anayechagua mchele kwenye ungo. Ikaota miche michache. Miaka kadhaa baadaye mmoja ukachanua humo ndani ya nyumba ya vioo. Ua la zambarau hafifu lilifunguka na kunyauka katika muda wa siku moja, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa wataalamu kuliona.

Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi, kisha furaha ikanikaa vibaya. Mti wa Kilwa ulichanua mbele ya macho ya watu, na macho hayo yalikuwa St. Louis. Bustani ile ilifunguliwa mwaka 1859, ina nyumba za vioo, maabara na watu waliosomea kuotesha mbegu zinazokataa kuota. Walichofanya ni wema mkubwa, na bila wao pengine tungebaki na picha tu. Lakini mtoto wa shule ya Kilwa Masoko akitaka kuuona mti wa kwao, atauona wapi?

Jibu la swali hilo ni refu, kwa sababu bustani za mimea hazikuanzishwa kwetu ili kutunza vya kwetu. Wajerumani walifungua bustani ya Dar es Salaam mwaka 1893. Ipo hadi leo jirani na Makumbusho ya Taifa, ingawa imebaki kipande cha ilivyokuwa. Kazi yake ilikuwa kujaribu mazao ya kuuza: lipi litaota, lipi litaleta fedha. Mwaka 1902 wakafungua taasisi ya Amani kule Usambara, yenye bustani kubwa kuliko nyingi barani, wakajaza miti kutoka pande zote za dunia. Mkwinini wa Amerika Kusini ulikuwemo, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowakatia meli za dawa, gome la mkwinini wa Amani liliwatibu homa askari wa kamanda wao Lettow-Vorbeck, ambao vita viliwafikisha hadi Mahiwa, mkoani Lindi, Oktoba 1917. Bustani ya mimea inaweza kuliokoa jeshi. Wakoloni walilijua hilo mapema.

Na wakati Amani inaotesha mkwinini, huku Matumbi watu walikuwa wanalimishwa pamba kwa viboko. Julai 1905 wakaing'oa pale Nandete, na vita ya Majimaji ikaanza. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu dawa: maji, mafuta ya mbarika, punje za mtama. Tunaisimulia dawa ile kama imani iliyoshindwa na risasi, na risasi zilikuja kweli. Lakini angalia viungo vyenyewe. Kila kimoja kilikuwa chakula au dawa ambayo kila nyumba ya kusini ilikuwa nayo, na hakuna aliyelazimishwa kukipanda.

Mimea nayo iliondoka. Njia ile ile iliyopitisha mifupa ya mijusi wakubwa wa Tendaguru kati ya 1909 na 1913 ilipitisha pia majani yaliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Adolf Engler, aliyeongoza bustani ya mimea ya Berlin kwa zaidi ya miaka 30, ndiye aliyeipa jina mimea mingi ya pwani hii bila kuishi kwetu. Baadaye, mwaka 1934 na 1935, mkusanyaji aitwaye Schlieben alikaa Ziwa Lutamba akikusanya mimea kwa mamia. Ule mti wa maua mekundu umebeba jina lake. Machi 1943 mabomu yakaangukia Berlin na ghala lile la mimea mikavu likaungua. Vielelezo vya Lindi, vya kwanza na pengine vya pekee vya aina yake, vikawa majivu katika mji ulio mbali na nchi ya Wamwera. Nakala kadhaa zilipona kwa kuwa zilikuwa zimetawanywa katika miji mingine. Kila nikifikiria usiku ule naona ubaya wa kuweka hazina yote katika chungu kimoja, tena chungu cha jirani.

Katika historia hiyo wamo watu wawili ninaopenda kuwaweka kando kwa kando. Wa kwanza ni John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar. Akiwa daktari katika msafara wa Livingstone wa Zambezi kati ya 1858 na 1863, alibeba sumu ya mishale ya wawindaji katika mfuko mmoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki aliona mapigo ya moyo yamepungua. Mmea ule ulifika bustani ya Kew, London, na huko Edinburgh Thomas Fraser akatoa ndani yake dawa ya moyo iliyotumika miaka mingi. Jina lake la kitaalamu ni Strophanthus kombe. Neno hilo la mwisho si kombe la kunywa tunaloandikiwa na walimu wetu wa pwani. Ni jina walilolitumia wawindaji wenyewe kwa sumu yao. Jina lao lilifika Kew, wao wenyewe hawakupata hata barua ya shukrani.

Wa pili ni Profesa John Kokwaro wa Kenya. Mwaka 1976 alichapisha kitabu cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, ambacho bado kinafunguliwa vyuoni. Yeye aliwauliza waganga na kuandika walichosema: mmea gani, sehemu gani, kwa ugonjwa gani. Na ni yeye aliyeipanga upya jamii ya mjafari katika orodha kuu ya mimea ya kanda yetu. Humo umo mjafari mmoja ambao Engler aliupa jina kutokana na kielelezo cha Lindi. Leo unaitwa Zanthoxylum lindense, maana yake mjafari wa Lindi, na baada ya jina la Engler limeandikwa la Kokwaro. Mwafrika Mashariki mmoja, aliyekaa chini na waganga wetu, ameweka sahihi yake kwenye mti wa Lindi. Ningependa sahihi za namna hiyo ziwe nyingi, na zinazofuata ziwe za watoto wa Lindi.

Kwa hiyo ninapoomba kusini ipate bustani yake ya mimea, siombi nyumba za vioo wala geti la chuma lenye kiingilio. Nusu ya kazi imeshafanyika. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kuwa na hifadhi zao. Kilwa ilikuwa ya mbele. Kupitia shirika la MCDI la Kilwa, lililoanzia kwenye utafiti wa mpingo, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Ipo kamati, ipo ramani, upo mpango wa mavuno. Mpingo unahesabiwa na kuvunwa kwa zamu, na fedha ya mbao inajenga madarasa. Huko vijana wanaweza kukuonyesha mpingo uliopimwa na ambao haujafikia unene wa kukatwa.

Kinachokosekana katika hesabu hizo ni dawa. Mpingo unaouzwa Ulaya kutengeneza klarineti una mizizi ambayo wazee wanachemsha kwa ajili ya tumbo, na mpingo huo huo kwenye daftari ni mbao tu. Mjafari haumo kabisa, maana mbao zake hazina soko. Natamani kila kijiji chenye hifadhi kiongeze ukurasa wa dawa katika daftari lake: mti gani, uko upande gani wa msitu, nani amekuja kuchimba, amechukua upande gani. Na karibu na ofisi ya kijiji pawe na kitalu, mahali wakunga na waganga wanakuja na mbegu zao. Taasisi ya Tiba Asilia pale Muhimbili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, ina wataalamu wanaoweza kupima kilichomo ndani ya gome. Wakala wa misitu una watu wa mbegu. Kinachotakiwa ni kuwakutanisha na bibi wa Kilwa wakati angali hai.

Ninajua lipo la kuogopwa. Waganga wetu hawasemi ovyo, na wana sababu. Wamemwona mgeni akija na daftari, akaondoka na jina la dawa na asirudi. Ukurasa wa dawa lazima uwe mali ya kijiji, uandikwe kwa Kiswahili, kwa Kimatumbi na Kimwera, ufunguliwe kwa idhini ya aliyeitoa habari. Bila hivyo tutakuwa tumejenga Kew nyingine ndogo, na waganga watafunga midomo, nao watakuwa na haki.

Muda wenyewe unakimbia. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, sisi wa kusini tulisherehekea, na tulistahili: tulikuwa tunakwama masika yote. Lakini barabara ile ile ilifungulia malori ya magogo, na siku hizi ufuta unapanda vilima kila mwaka, kwa kuwa shamba jipya lililofyekwa msituni ndilo linalozaa vizuri. Mkulima wa ufuta anasomesha watoto wake. Siwezi kumwambia aache. Naweza kumwomba, kabla ya kuwasha moto, amwite mtu anayeijua miti atembee naye shambani mara moja.

Bibi alifariki zamani. Alituachia mjafari mmoja nyuma ya nyumba, Kivinje, karibu na kisima. Alirudi na mbegu zake kutoka porini zimefungwa kwenye pindo la kanga, ndogo, nyeusi, zinang'aa kama shanga. Alizisia nyingi kwenye kifuu kimoja baada ya kingine, zikakataa, hata babu akamwambia aachane nazo. Ukaota mmoja. Siku hizi mlinzi wake ni shangazi, na majirani wakija na jino au homa wanabisha hodi kwanza.

Nilipita hapo safari ile ile ya mjafari wa njiani, nikazunguka nyuma kabla hata sijanywa maji. Upande wa mashariki palikuwa na kovu jipya lenye tope lililokauka juu yake. Niliweka vidole: vinne kamili. Nilizunguka upande wa magharibi. Kovu la zamani lilikuwa limeziba, na katikati yake kinundu kipya kilikuwa kimeanza kutoa mwiba.